Anwani Isiyovuka Geti

Hotuba hii niliitoa kwa wenye steshenari, walimu na mafundi wa kompyuta katika ukumbi mmoja wa kata ya Ipagala, Dodoma. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Mbukwenyi! Wazee wangu shikamooni. Wadogo zangu, habari za mchana. Mwenyekiti wa mtaa, nakushukuru kwa kunikaribisha, na akina mama wa steshenari nawashukuru zaidi, kwa sababu najua kila saa mliyofunga duka ni hela iliyopotea.

Nianze na dada mmoja wa Nkuhungu. Ana steshenari, na tunaitana kaka na dada kwa kuwa tumetoka kijiji kimoja huko Mpwapwa. Ilikuwa ule msimu ambao vijana waliomaliza kidato cha sita wanajaza maombi ya mkopo wa chuo. Akanipigia simu: "Kaka, njoo haraka, kompyuta haishiki mtandao na nina foleni mpaka barabarani." Nikachukua bodaboda. Nilipofika nilikuta vijana wamesimama juani na bahasha za vyeti mkononi. Mmoja alikuwa ametoka Mvumi tangu alfajiri.

Kabla yangu alishafika fundi. Aliona taa za ruta, kile kifaa kinacholeta intaneti ndani, zinawaka. Aliona simu za wateja zinapata intaneti kwa waifai bila shida. Akahitimisha kwamba ubovu uko ndani ya kompyuta, kwamba kadi ya mtandao imeungua, na kwamba dada yangu anunue kompyuta nyingine. Dada alishaanza kupiga hesabu ya kukopa kwenye kikoba.

Nikafungua lile dirisha jeusi, nikaandika ipconfig, amri ya kuonyesha anwani za kompyuta kwenye mtandao, nikabonyeza enta. Ikatoka namba hii: 169.254.83.17. Chini yake, mstari wa lango, yaani njia ya kutokea kwenda intaneti, ulikuwa mtupu.

Nikamuuliza, "Dada, printa inachapa?"

"Printa haina tatizo. Toka asubuhi nachapa."

"Hiyo printa umeiunganisha kwa waya wake yenyewe mpaka kwenye kompyuta, au inapitia mtandao?"

"Inapitia mtandao. Iko kule kwenye kona."

Hapo nikajua kwamba kadi haijaungua. Kadi iliyoungua haiwezi kutuma kurasa arobaini kwenye printa ya kona. Nikapiga magoti chini ya meza nikiwa na tochi ya simu. Kompyuta na printa zote zilikuwa zimechomekwa kwenye swichi, kile kiboksi chenye matundu manane. Kutoka kwenye swichi kulikuwa na waya wa bluu unaokwenda kwenye ruta. Kichwa cha waya ule kilikuwa kimetoka nje kama upana wa kucha. Kile kiulimi cha plastiki kinachoukamata kilikuwa kimevunjika, na mnajua vumbi la Dodoma, unafagia asubuhi, mchana unafagia tena, na kila ufagio ulipopita uliuvuta kidogo. Nikabadilisha waya. Nikaandika ipconfig /renew, yaani omba anwani upya. Ikaja 192.168.1.14, lango likajaa, na kijana wa Mvumi akawa wa kwanza kukaa kwenye kiti.

Nimekuja leo kuwaeleza ile namba ya kwanza, 169.254, kwa sababu kompyuta ilikuwa inasema ukweli wote na hakuna aliyeusoma.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu ana jina la cheti, na wengi wetu tuna jina la nyumbani. Jina la cheti ndilo linaloandikwa kwenye kitambulisho, ndilo linalokufikisha benki na mahakamani. Jina la nyumbani ni lile ambalo mama yako akiliita kutoka jikoni unaitika mara moja. Ni jina la kweli, na linafanya kazi yake kikamilifu ndani ya ua. Lakini ukitoka getini ukasimama stendi na kuulizia mtu kwa jina hilo, nani atamjua? Kuna watoto wengi wanaoitwa hivyo hivyo kwenye nyua nyingine, na hakuna kosa lolote.

Vifaa vya mtandao navyo vina majina ya nyumbani. Wataalamu wanayaita anwani za linki-lokali, yaani anwani za pale pale kwenye waya mmoja au waifai moja. Sheria yake ni moja na ni kali: ruta hairuhusiwi kuupitisha ujumbe wenye anwani hiyo kwenda upande wa pili. Unaishia getini.

Kwa kawaida anwani ya kompyuta yako inatoka kwa ruta. Kompyuta ikiwaka inapaza sauti kwa wote waliomo: "Nani hapa anagawa anwani?" Ruta inajibu: "Mimi. Chukua hii." Kompyuta inasema: "Basi naiomba hiyo hiyo." Ruta inamaliza: "Ni yako, kwa muda huu." Maneno manne tu. Utaratibu huo unaitwa DHCP, na hati yake, RFC 2131, ilitoka mwaka 1997. RFC ni hati zinazoandikwa kanuni za intaneti. Nyumba nyingi hupata namba zinazoanza na 192.168, ambazo ni anwani za faragha. Ziliwekwa rasmi kwenye RFC 1918 ya mwaka 1996, pamoja na zile za 10 na zile zinazoanzia 172.16.

Sasa kompyuta ipaze sauti na asiwepo wa kujibu. Ruta imezimika, au waya umechomoka kama ule wa Nkuhungu. Zamani kompyuta ingekaa bila anwani kabisa, haiongei na yeyote. Ndipo wahandisi wakasema: hapana, kifaa kijipe jina la nyumbani. Windows 98 ilikuwa nao utaratibu huo tayari, na Mei 2005 ukaandikwa kama kanuni ya wote katika RFC 3927, kwa kalamu za Stuart Cheshire, Bernard Aboba na Erik Guttman. Kompyuta inachagua namba kwa kubahatisha, kuanzia 169.254.1.0 hadi 169.254.254.255. Hizo ni namba 65,024, zinatosha nyumba yoyote iliyopo hapa mjini.

Na hapa pana jambo ninalolipenda. Kabla ya kulichukua jina hilo, kifaa kinapiga hodi. Kinauliza wote waliopo: "Kuna mwenye namba hii?" Kinangoja. Kinauliza tena. Kinangoja. Kinauliza mara ya tatu. Kanuni inasema mara tatu, kama tulivyofundishwa na bibi zetu kwamba hodi ni tatu. Akiitika mtu, kinaiacha namba hiyo na kutafuta nyingine. Asipoitika mtu, kinaichukua, kisha kinatangaza mara mbili kwamba namba hii sasa ni yangu. Na hakikati tamaa ya kupata anwani rasmi: Windows inaendelea kumtafuta mgawaji kila baada ya dakika 5. Ndiyo maana wakati mwingine umeme unakatika, unarudi, kompyuta inawahi kuwaka kabla ruta haijaamka, unaona 169.254, unakwenda kuchemsha chai, na ukirudi mambo yamejiweka sawa.

Kwa hiyo ukiiona 169.254, umeshaambiwa mambo mengi. Kadi ni nzima. Waya una uhai angalau mpaka kwenye kifaa kilicho jirani, kwa sababu waya ukichomoka kabisa kwenye kompyuta hupati hata hiyo namba, utaambiwa tu kwamba hakuna muunganisho. Programu zinafanya kazi. Kinachokosekana ni mgawaji. Basi mtafute mgawaji. Fuata waya kwa mkono wako, usiufuate kwa macho, kutoka kompyuta hadi swichi na kutoka swichi hadi ruta. Angalia kama ruta yenyewe imezimiwa kazi ya kugawa anwani. Nimekuta hivyo mahali ambapo mtu alichezea mipangilio akitafuta kitu kingine. Angalia pia kama namba zimekwisha. Ruta nyingine imepangiwa kugawa namba chache, na nyumba ina vyumba vya wapangaji nane, kila mmoja ana simu mbili na televisheni. Wa mwisho kurudi kutoka kazini anakosa.

Jambo moja nawasihi mafundi wenzangu msilifanye. Usimwandikie mteja namba ya mkono kwa kubahatisha ili uondoke haraka. Kuna taasisi moja, sitaitaja, niliwahi kuitwa kwa sababu kompyuta mbili zilikuwa zinapokezana kufa. Hii ikiwaka ile inakatika. Walihangaika muhula mzima. Fundi aliyetangulia alikuwa ameandika 192.168.1.20 kwa mkono kwenye moja, na ruta, ambayo haikuambiwa, ikaendelea kuigawa 192.168.1.20 hiyo hiyo kwa wengine. Watoto waliokaa kwenye kompyuta hizo mbili walikosa mazoezi ambayo wenzao waliyapata. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Kuhusu simu: nyingi za Android zikikosa mgawaji hazijipi 169.254, zinaandika tu kwamba zinatafuta anwani ya IP, halafu zinaacha. iPhone ndiyo itakuonyesha namba hiyo ukifungua taarifa za waifai.

Hayo yote ni ya IPv4, mtandao wa zamani wenye anwani kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Hazikutosha. Tarehe 3 Februari 2011 ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake ya mwisho kwa mabara, letu likapewa AFRINIC, ambao ofisi yao iko Mauritius. IPv6 ndiyo inayokuja kuziba pengo hilo, na kwenye IPv6 jina la nyumbani lina hadhi nyingine kabisa.

Kwenye ipconfig ile ile mtaona mstari unaoanza na fe80. Watu wanauogopa. Nimewahi kuambiwa na mwalimu kwamba ni virusi. Mwalimu, si virusi. Katika IPv6 kila kifaa kinalazimika kuwa na jina la nyumbani tangu kinapoamka, hata kama kina anwani nyingine tatu za nje. Kwa hiyo 169.254 ukiiona unatafuta aliyepotea, lakini fe80 ukiiona unaendelea na kazi zako, inatakiwa iwepo. Kwa jina hilo kifaa kinaita "ruta zote" kwenye ff02::2, na kwa jina hilo ruta inajibu. Ndiyo maana lango la IPv6 nyumbani kwako mara nyingi limeandikwa kwa fe80, halijaandikwa kwa namba ya nje. Fikirini faida yake: umeme umekatika, umerudi, kampuni ya simu imeipa ruta yako anwani mpya kabisa ya nje. Ndani ya nyumba lango bado linaitwa jina lile lile. Hakuna aliyepotea njia ya mlangoni.

Mkiuzima huo utaratibu wa IPv6 kwa kuufuata ushauri wa mtu asiyeujua, mmeondoa jiwe la msingi. Naomba msiuzime.

Mwisho wa anwani hiyo mtaona alama ya asilimia na namba au jina, kwa mfano fe80::1%12. Wengi wanaiacha wanapoinakili, kisha wanashangaa haifanyi kazi. Nitaieleza hivi. Mtoto akisema "nakwenda kwa bibi", utamuuliza bibi yupi, mzaa mama au mzaa baba? Wote wawili wanaitwa bibi, na wote wana haki ya jina hilo, kila mmoja kwenye boma lake. Kompyuta yako nayo ina milango miwili, waya na waifai, na nyuma ya kila mlango anaweza kuwepo mtu anayeitwa fe80::1. Ile asilimia 12 inamaanisha: pitia mlango namba 12. Windows inaandika namba ya mlango, Linux inaandika jina la mlango. Na maana yake ni kwa kompyuta yako tu. Ukimsomea jirani kwa simu, yeye ataweka mlango wake.

Nyuma ya fe80 panakuwa na mlolongo mrefu. Kwenye vifaa vya zamani mlolongo huo ulitokana na namba ya MAC, ile inayochomwa kiwandani. Ubao huu hapa, nitawaandikia. Kadi yenye 00:1b:44:11:3a:b7 inapasuliwa katikati, inaingizwa ff:fe, na biti moja ya mwanzoni inageuzwa, inakuwa fe80::21b:44ff:fe11:3ab7. Mkiiona ff:fe katikati, mmeijua asili yake. Tatizo ni kwamba namba ya kiwandani haibadiliki maisha yote, na anayeijua anaweza kukutambua kila uendako. Kwa hiyo mwaka 2014 RFC 7217 ikaelekeza njia ya kutengeneza namba isiyomtaja mtu, na mifumo mingi ya sasa inatumia njia za aina hiyo.

Sasa geti. Nimesema jina hili halivuki geti, na wapo watakaolala usingizi mzito kwa kusikia hivyo. Mnaokaa nyumba za wapangaji nisikilizeni. Geti la mtandao haliko kwenye ukuta wa tofali. Liko kwenye nywila ya waifai. Kila uliyempa nywila yuko ndani ya ua. Anasikia printa yako ikijitangaza, anaweza kuita kompyuta yako kwa jina lake la nyumbani. Kama umeshirikisha folda ya mitihani bila kuweka nywila, aliye chumba cha pili anaiona. Ruta nyingi zina waifai ya wageni. Wapangaji na wateja wape hiyo.

Nirudi kwenye ile printa ya kona, kwa sababu nimeiacha njiani. Iliwezaje kuchapa? Yenyewe nayo ilikosa mgawaji asubuhi ile, ikajipa 169.254 yake. Ila namba yake ilikuwa imebadilika, na kama dada angekuwa ameiunganisha kwa namba, ingepotea. Bahati nzuri ilikuwa imeunganishwa kwa jina. Kuna utaratibu unaoitwa mDNS, RFC 6762 ya mwaka 2013, ambapo majina yanaishia na .local. Kompyuta inaita uani, "Printa, uko wapi?", na printa yenyewe inaitika na kutaja namba iliyo nayo siku hiyo. Hakuna seva katikati. Hakuna bando. Kompyuta ilikuwa imekosa intaneti, lakini nyumba ilikuwa inaongea.

Na hili ndilo lililonifanya niombe nafasi hii, walimu wangu wa Bahi, Chamwino na Kongwa mliofunga safari kuja. Najua hali za shule zenu. Kompyuta mlizonazo ni mbili au tatu, ruta hamna, bando mnalipa mfukoni. Mtihani ukitungwa kwenye kompyuta moja unahamishwa kwa flashi ambayo imezunguka wilaya nzima, na flashi hiyo inaleta virusi vya kweli. Lakini mkinunua waya mmoja wa mtandao, mkachomeka kichwa kimoja kwenye kompyuta hii na cha pili kwenye ile, mmeshapata mtandao. Vifaa vitajipa majina ya nyumbani na kusalimiana. Mkiwa na swichi ndogo, kompyuta nane. Hakuna wa kumwomba ruhusa na hakuna wa kumlipa. Angalizo moja: Windows ikiona mtandao usio na lango, inauchukulia kama mtandao wa mahali pa umma na kufunga milango ya kushirikishana mafaili. Mtalazimika kuiruhusu ninyi wenyewe, na mtaweka nywila kwenye folda.

Naona baadhi yenu mnatazamana. Sawa, twende mezani.

Nimekuja na kompyuta mbili na waya mmoja wa mita tatu. Waifai nimeizima kwenye zote mbili. Mwalimu wa hapo mbele, njoo uhakikishe. Laini ya simu haimo. Wewe binti wa kidato cha pili, uliyekaa karibu na dirisha, njoo unisaidie. Chomeka kichwa hiki hapa. Sukuma mpaka usikie tik. Umesikia? Vizuri. Na kile kingine kwa mwalimu.

Tunangoja. Sasa hivi kila moja inamwita mgawaji ambaye hayupo. Itachukua kama dakika moja, msiguse kitu. Fungua dirisha jeusi. Andika ipconfig, herufi ndogo zote. Enta.

Haya, binti yangu, wasomee wakubwa hiyo namba kwa sauti.